Barlow mpya: mmoja anaisifu, mwingine ameirudisha, nimwamini nani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Columbus, Ohio, naendesha lori. Mwaka jana nilianza kukusanya visu vya kukunja vya mtindo wa zamani, ninavyo sita sasa. Mwezi huu kiwanda kimoja kimetoa Barlow mpya: bapa moja la chuma cha 1095, mpini wa mfupa uliochongwa, rangi ya kahawia. Dukani ilikuwa dola 120, ikaisha siku hiyohiyo. Waliowahi sasa wanaiuza dola 210. Nimesoma maoni ya walioipata na kichwa kinaniuma. Mmoja anasema ni kisu bora alichoshika mwaka huu, "kinatembea na kusema". Wa pili anasema mvuto ni 7 na kimemkata ukucha. Wa tatu anaona mwanga kati ya springi na bati. Wa nne anasema bapa limelalia upande. Wa tano chake kimekuja butu, amekirudisha. Nimwamini nani? Na je, ninunue kwa hiyo 210? La mwisho: babu yangu wa Tukuyu alirudi kutoka Wenela, ile kazi ya mkataba kwenye migodi ya Afrika Kusini, na kisu cha Okapi chenye mwezi na nyota kwenye mpini. Ninayo, imelegea. Wakusanyaji wanaithamini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waamini wote watano. Hakuna aliyekudanganya. Ila kila mmoja anaeleza kisu kilicho mkononi mwake, na visu hivyo vitano, hata kama vimetoka kwenye toleo moja, havikuzaliwa mapacha.

Kisu cha kukunja kisicho na kufuli kina sehemu chache sana: bapa, springi moja ya mgongoni, mabati mawili ya shaba ya njano yanayoibana springi hiyo kushoto na kulia, manoleo (vifuniko vya chuma mwishoni mwa mpini), vipande viwili vya mfupa, na pini. Msuka wa bapa, ile sehemu nene isiyo na makali inayozama ndani ya noleo, unazunguka kwenye pini, hapo ndipo kiungo, na springi inaukandamiza. Basi. Hakuna kingine kinacholizuia bapa lisikufungie vidole. Mashine inaweza kukata mabapa mia tano yanayolingana, lakini kuyafunga ndani ya mpini ni kazi ya mkono. Mtu anaingiza pini, anagonga, anafungua, anafunga, anatazama, anapitisha tupa kidogo, anagonga tena. Unene wa karatasi moja kwenye msuka unatosha kumfanya mteja mmoja aimbe na mwingine aandike malalamiko. Anayekuambia "toleo hili ni zuri" au "toleo hili ni baya" baada ya kushika kisu kimoja, ameonja wali kwa punje moja, na huu si wali uliopikwa sufuria moja.

Mimi naishi Sheffield, Uingereza, na Barlow ni mtoto wa mji huu tangu karne ya 17. Ukiitazama, kitu cha kwanza unachoona ni noleo refu, karibu theluthi ya mpini. Halikuwekwa kwa urembo. Kisu cha kukunja kinafia kwenye kiungo, na mafundi wa hapa walikiimarisha kwa chuma kingi mahali pamoja ili sehemu nyingine zote ziwe za bei ndogo. Kilikuwa kisu cha mkulima, cha baharia, cha mtoto wa shule. Kilivuka bahari kwa makasha mpaka Wamarekani walipoamua kujitengenezea. Kiwanda cha John Russell kule Massachusetts kilianza kuzitoa Barlow zake mwaka 1875, na ile ya bapa moja iliuzwa senti 15. Leo unaulizwa dola 210 na watu wazima wanaimulika kwa taa ya meza kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Sicheki, nami ninayo taa hiyo. Nakukumbusha tu kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nini.

Sasa maneno yao, maana hayo ndiyo yanayokuumiza kichwa.

"Kinatembea na kusema" ni sifa ya springi na msuka peke yake. Kutembea ni namna bapa linavyosafiri kutoka kufungwa hadi kufunguka: linateleza kwa nguvu ileile njia nzima, au linakwama, linakwaruza, linaruka? Kusema ni ule mlio mwishoni, tak! springi inapoangukia sehemu iliyonyooka ya msuka. Vingine vina kituo cha kati: ukifungua nusu, bapa linasimama lenyewe kwa pembe mraba, halafu unaendelea. Kituo hicho kinatokana na msuka kuwa na pembe kama za sanduku. Msuka wa mviringo hauna kituo, unapita moja kwa moja. Wengi wanakipenda kwa sababu kinasema mara mbili. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine: bapa likiteleza wakati wa kufunga, linasimama hapo kabla halijafika kwenye vidole.

Basi aliyekuambia kisu chake kinatembea na kusema amekupa habari ya kweli, na nzuri. Ina maana aliyekifunga hakuwa na haraka asubuhi ile. Lakini angalia alichokuacha bila kukuambia: hajakata kitu. Hata nyanya. Amekifungua na kukifunga mara mia mbili akitazama televisheni, akaandika. Na hao wengine wanne, ukiwasoma tena, wamefanya vilevile. Maoni ya siku ya kwanza yanapima springi, makali hayajafikiwa.

Mvuto. Wakusanyaji wanaupima kwa kidole na kuupa namba kati ya 1 na 10, ambapo 1 bapa linaning'inia lenyewe na 10 unahitaji koleo. Hakuna mizani hapo. Saba ya mzee mwenye baridi yabisi ni nne ya kijana anayefunga turubai la lori kila siku, kwa hiyo namba hiyo ukiisoma, isome pamoja na mwenyewe. Mimi kwa Barlow ya bapa moja napenda tano au sita. Chini ya nne sikiamini kisu kisicho na kufuli. Saba inavumilika endapo kijimfuo cha ukucha kimechongwa kwa kina na hakijakaa karibu mno na kiungo. Kikikaa karibu na kiungo, wenzo ni mfupi na ukucha ndio unaolipa. Huyo wa pili aliyekatika ukucha, ningemuuliza jambo moja kabla ya kumhurumia: uliosha kisu kwanza?

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu nusu ya malalamiko ya siku ya kwanza yanamalizikia kwenye karai. Kisu kipya kinatoka kwenye magurudumu ya kung'arishia kikiwa na masizi meusi ya dawa ya kung'arisha ndani ya kiungo, pamoja na chembe za chuma. Vinakwaruza, vinafanya mvuto uonekane mzito na kutembea kuwe kama baiskeli yenye mchanga kwenye mnyororo. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, fungua na kufunga kisu ndani ya maji mara ishirini, thelathini, utaona maji yanageuka kama ya mkaa. Usikiloweke lakini, mfupa haupendi. Suuza, futa, pitisha hewa ya kikausha nywele isiyo moto, halafu tone moja la mafuta kwenye kiungo. Mafuta ya cherehani yanafaa. Kama utakatia chakula, na wewe dereva najua utakatia tufaha na mkate, nunua mafuta meupe ya parafini yanayouzwa duka la dawa. Ya kupikia usitie, hata ya nazi. Baada ya miezi yananata kama gundi. Baada ya hapo ndipo useme mvuto ni ngapi. Nimeona saba ikishuka hadi tano na nusu kwa sabuni tu.

Mwanga kati ya springi na bati. Hapa wakusanyaji wanapenda kugombana, na mimi nitasimama upande usiopendwa. Shika kisu kimefungwa mbele ya taa, tazama mgongoni: mstari wa springi umebanwa na mabati mawili. Ukiona uzi wa mwanga, kuna nafasi. Inatokea pale bati linapopinda kidogo wakati wa kugonga pini, au mfupa unapokuwa na unene usiolingana. Uzi mwembamba karibu na katikati ya mpini hauna madhara yoyote kwa kisu cha kufanyia kazi. Utakusanya vumbi, basi. Ila kama mwanga uko pale kwenye kiungo, kati ya msuka na bati, hapo mlalamikaji ana haki, kwa sababu pale bapa litaanza kucheza kushoto na kulia. Kwa hiyo neno "kuna mwanga" peke yake halitoshi. Muulize: wapi?

Na kuna jambo la mahali unapoishi. Mfupa ni mfupa, unanywa na kutoa unyevu. Nyumba ya Ohio wakati wa baridi, hita ikivuma usiku na mchana, hewa inakauka kuliko chumba cha kuanikia samaki. Mfupa unasinyaa, ukingo unashuka chini ya bati ukaanza kuusikia kwa kidole, wakati mwingine ufa mwembamba unachomoza kwenye pini. Kisu kilichofungwa kiangazi bila mwanga kinaweza kuonyesha mwanga Januari. Usikiache juu ya dashibodi ya lori wala karibu na kipasha joto, na mara mbili kwa mwaka paka mfupa mafuta yaleyale ya parafini kwa kidole, ufute.

Bapa kulalia upande: litazame likiwa limefungwa, liko katikati ya mabati au limeegemea moja? Kama haligusi bati wakati wa kufunga, achana nalo. Kama linagusa na kuacha mkwaruzo, lirudishe. Sina la kuongeza.

Kinachonishangaza ni kosa ambalo hakuna hata mmoja wa watano amelitaja, na ndilo ningelitafuta kwanza. Msuka una kisigino kidogo chini, upande wa makali. Kisu kikifungwa, kisigino hicho ndicho kinachokaa juu ya springi na kuyaacha makali yakielea hewani. Kikiwa kimepunjwa, bapa linazama mno na makali yanagonga springi kila unapolifunga, hasa ukiliachia lijifunge kwa kishindo, jambo ambalo hawa wapenda "kusema" wanalifanya siku nzima! Baada ya wiki utaona sehemu moja ya makali, mara nyingi katikati ya tumbo, haikati hata unoe vipi. Mtu atalaumu chuma. Jaribio lake ni rahisi: weka ukanda mwembamba wa karatasi ndani, juu ya springi, achia bapa lijifunge, toa karatasi. Ikiwa imekatika au ina alama ya mkato, makali yanagonga. Kisu cha namna hiyo fungia kwa mkono polepole na ukinoe kwa kawaida. Kila kunoa kunapunguza chuma kidogo na baada ya muda makali yanaacha kugonga. Kisigino kikiwa kirefu mno ni kinyume chake, ncha inachungulia nje na kukwangua mfuko wa suruali. Hilo tupa nyembamba inalitibu kwa viharusi vitatu vinne, lakini nakusihi kisu kipya cha bei usikiguse kwa tupa kama hujawahi. Ukizidisha, umejitengenezea tatizo la kwanza, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Wa tano, aliyepewa kisu butu akakirudisha, amenisikitisha kidogo. Butu si ugonjwa. Viwanda vya mtindo wa zamani vingi vinatoa makali ya kufungulia bahasha, vikijua mnunuzi atanoa mwenyewe au hatanoa kabisa. Chuma cha 1095 kina kaboni karibu asilimia 0.95 na hakina kromiamu ya kukilinda. Udhaifu wake ni kutu, lakini kwenye kinoo ni mtiifu kuliko vyuma vingi visivyoshika kutu: dakika kumi kwenye jiwe la maji, pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande, na unanyolea mkono. Kuogopa jiwe na kukusanya visu ni kama kufuga farasi na kuogopa kupanda.

Lakini kuna butu nyingine, na hii ndiyo inayotofautisha kisu na pambo. Bapa linaweza kuwa na ukingo mkali na bado lisikate, kwa sababu nyuma ya makali ni nene. Nitakupa kisa changu. Miaka mingi nyuma nilinunua kisu cha toleo dogo kilichosifiwa na kila mtu niliyemheshimu. Mfupa wa kijani, springi imelingana na mgongo katika hali zote tatu, wazi, nusu na kufungwa, mlio wake ulikuwa wa kumwamsha paka. Wiki ya pili nikakata nacho tufaha. Halikukatika, lilipasuka. Bapa liliingia sentimita moja likageuka kabari. Nilijaribu jibini, likang'ang'ania. Kisu kile bado kiko kwenye droo, bado kinasema vizuri, na nikikaribisha wageni wanakipenda. Kile ninachobeba kila siku kilikuja na uzi wa mwanga mgongoni na bapa lililoegemea kushoto. Nilikipata kwa punguzo kwa sababu hizo, na ni chembamba nyuma ya makali kama mwiba wa samaki. Hakuna aliyewahi kukisifu.

Kwa hiyo ukitaka kuwatumia hao waliotangulia, wape maswali ambayo hawajayajibu. Mwambie mmoja akate tufaha katikati, kubwa, gumu, halafu akuambie lilikatika au lilipasuka. Mwambie akate kadibodi mita kadhaa na aseme kidole chake cha shahada kilikaa wapi, na kama kona ya noleo ilimuuma. Mwambie alishike bapa wazi kwa vidole viwili alitikise kushoto na kulia. Anayejibu hayo msome kwa makini. Anayekujibu kwa picha nyingine ya kisu juu ya gogo la mti, mshukuru upite.

Utauliza, kwa nini wanasifu mno au kulaani mno? Mtu amengoja miezi, amewahi saa ileile duka lilipofungua mauzo, amelipa. Siku kifurushi kinapofika hawezi kuwa baridi. Aliyelipa 210 ana sababu zaidi ya kuona uzuri, na anayetaka kukuuzia kwa 210 ana sababu kubwa kuliko wote. Warudi wiki ya sita ukawaone: sauti zimeshuka, na bapa limeanza kubadilika rangi au bado linang'aa kama kioo. Lile lililobadilika ndilo lenye habari. 1095 ikikata kitunguu, ndimu au embe bichi inageuka kijivu, halafu samawati, halafu nyeusi ya taratibu. Rangi hiyo ni ngao, inapunguza kasi ya kutu, wala usiisugue. Nyekundu ya udongo ndiyo kutu, hiyo ifute mara moja kwa mafuta na kitambaa.

Sasa hela. Usinunue kwa 210. Sikatai kwamba kisu kinaweza kustahili. Nakataa namna ya kukinunua. Ukinunua dukani, ukakuta makali yanagonga springi au bapa linacheza, unakirudisha. Ukinunua kwa mtu aliyenunua ili auze, umenunua bahati nasibu bila tiketi ya kurudi, na tumeshakubaliana kwamba visu hivi havifanani. Unalipa dola 90 za ziada kwa ajili ya kuondolewa haki ya kuchagua.

Tena hawa watu wa mtindo wa zamani wana tabia ya kurudia. Chukua Great Eastern Cutlery wa Titusville, Pennsylvania, walioanza mwaka 2006. Namba zao zinasomeka: tarakimu mbili za kwanza ni umbo la kisu, ya tatu ni mtindo wa noleo, ya nne idadi ya mabapa, mbili za mwisho mwaka. Ukizifuata kwa muda unaona umbo lilelile likirudi, safari hii mfupa mwekundu, safari ijayo mbao, kisha pembe ya kulungu. Kilichoisha ni rangi, umbo halijaisha. Case wa Bradford, jimbo hilohilo, ndio kabisa: 6254 maana yake 6 ni mfupa uliochongwa, 2 mabapa mawili, 54 umbo la Trapper, na Trapper haijawahi kuwa mbali na duka kwa miaka mingi. Case hata mwaka wa kuzaliwa kwa kisu unausoma: kuanzia 1970 walipiga nukta kumi chini ya jina, wakawa wanaondoa moja kila mwaka. Mkusanyaji anayezijua namba hizi hapigiwi kengele ya mnada. Anasubiri umbo analolitaka lirudi, au anakamata la zamani lililotumika kwa nusu bei, ambalo tayari limethibitishwa na mkono wa mtu mwingine kuwa linakata.

Na ukipata kisu cha bei ya dukani, unapokifungua fanya hivi kabla hujaandika maoni yako: tikisa, karatasi ya springi, osha, tia mafuta, noa, tufaha. Kwa mpangilio huo, maana ukishanoa hakuna duka litakalokipokea. Ukibeba barabarani kumbuka sheria za majimbo hazifanani, nawe unavuka mengi. Na uwanja wa ndege kisu kinakwenda kwenye sanduku la chini, si kwenye begi la mkononi, hata kiwe kidogo kama kidole. Huku kwetu Uingereza Barlow ina bahati, kwa kuwa kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3 kinabebwa bila mtu kudai sababu. Okapi ya babu yako, yenye kufuli lake la pete, ingeniweka pabaya.

Tuje kwake basi, ambaye kwangu anavutia kuliko hiyo Barlow. Okapi zilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya soko la makoloni ya Wajerumani Afrika, na Tanganyika yetu ilikuwa mojawapo. Jina walilitoa kwa mnyama wa misitu ya Ituri kule Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemwandika rasmi mwaka 1901 tu. Alikuwa habari ya mjini. Utengenezaji ulihamia Afrika Kusini mwaka 1988. Wenela ilikuwa zamani kabla ya hapo, kwa hiyo kisu cha babu kinapaswa kuwa cha mkono wa Kijerumani. Kitazame chini ya noleo na ubavuni mwa bapa, tafuta neno Germany au Solingen.

Kwa fedha, haitakununulia tairi. Zilitengenezwa kwa wingi kwa watu wa mshahara mdogo, na nyingi zilitumika mpaka zikaisha, ndiyo maana nzima nzima zinapendwa na wachache wanaozijua. Wewe usiiuze. Kulegea kunatibika: pini ya kiungo imelika, inataka kukalishwa juu ya fuawe dogo na kugongwa kwa nyundo nyepesi, kichwa cha pini kitanuke kidogo, kidogo sana, ukijaribu baada ya kila pigo. Usiibane kwenye jiliwa, utapasua mbao na mwezi na nyota vitang'oka. Bapa usiling'arishe, ule weusi ameuweka babu. Pete ya kufuli itie tone la mafuta uone kama bado inanyanyua springi na meno bado yanashika, kwa sababu meno yakiwa yamelika hiyo ni ya kuwekwa kabatini tu, isibebwe. Nitumie picha ya msuka, mwanga ukitokea ubavuni, nikusomee herufi zilizobaki.